Mstari wa Pili wa Sichoki

Siku ya kuniaga, Riziki alinipa daftari jipya akaniambia niandike. Wengine walinipa vitenge, na vitenge ninavipenda kuliko daftari, lakini Riziki ndiye aliyerithi meza yangu kule maabara, kwa hiyo siwezi kumkatalia. Mkubwa wa kituo alisoma hotuba ndefu kuhusu vyeo nilivyopanda. Vyeo vyenyewe sikumbuki hata kipi kilitangulia kipi. Ninachokumbuka ni harufu ya majani mabichi ya pamba yakitwangwa, na vidole vyangu vilivyokuwa vyeusi kwa dawa ya fedha tuliyotumia kupaka jeli, vyeusi hata siku ya harusi yangu. Mama mkwe alidhani ninauza makala, makaa ya kupikia.

Basi, ninyi mnaobaki kituoni, haya ni yenu. Mkipata jambo la kuwafaa, chukueni. Mengine ni uzee.

Nilianza kazi nikiwa na viatu vya kisigino. Kituo chetu cha mbegu mnakijua: dirisha moja linatazama ziwa, jingine linatazama reli na mabehewa yaliyokaa mpaka nyasi zimeota ndani. Nilidhani maabara ni mahali pa kukaa kwenye kiti na kuandika. Fundi mkuu wa wakati ule, Papa Wilondja, alivitazama viatu vyangu, akaenda kuniletea kandambili na kinu kidogo cha kauri. Siku nzima nilitwanga majani ya pamba. Niliporudi nyumbani mama yangu akauliza nimefundishwa nini huko kwa wataalamu. Nikamwambia kutwanga. Akasema hilo yeye alinifundisha bure.

Papa Wilondja alikuwa mtu wa kaskazini mwa ziwa, mtoto wa wavuvi, mwembamba, mkali kwa vyombo na mpole kwa watu. Alinionyesha kwamba jani la pamba ni jeuri. Lina utomvu unaogeuka kahawia mara tu unapolisaga, na ukizubaa, DNA yote inatoka rangi ya chai na haifai kwa lolote. Unachuma jani changa, asubuhi, kabla jua halijapanda, na husimami njiani kusalimiana na watu. Kwa mji wetu hilo la mwisho njo gumu kuliko yote. Nusu ya jani inaingia kwenye kinu, nusu nyingine inaingia kwenye bahasha pamoja na mchele uliokaangwa, ili ikauke na kubaki akiba. "Nusu kwa leo, nusu kwa kosa lako," alikuwa akisema. Nilidhani ni mzaha tu.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza yeye, kwa sababu sijasikia maelezo bora tangu hapo. DNA ni maandishi marefu mno yenye herufi nne tu. Sehemu kubwa ya maandishi ya pamba hairidhiki kusema jambo mara moja. Kuna mahali yanashikwa na kigugumizi, GA GA GA GA, halafu yanaendelea na habari zake. Pamba ya aina moja inagugumiza hapo mara kumi na mbili, ya aina nyingine mara kumi na tano. Zamani wengi waliona vipande hivyo ni takataka. Sisi tuliishi kwa takataka hizo: ukiweza kupima urefu wa kigugumizi, unaweza kutambua pamba hata kama mmea wenyewe bado ni majani mawili, au hata kama ni mbegu tu ndani ya gunia.

Kwanza unakata DNA vipande vidogo, kisha unatega vile vyenye kigugumizi kwa vishanga vyenye sumaku, na vingine vyote unaviosha. Papa Wilondja aliita hiyo kuvua. Siku tukipata vingi alisema leo ndagala imejaa mtumbwi. Vipande tulivyovua vilisafirishwa nje vikasomwe, na miezi ikapita, na herufi zikarudi zimejaa kurasa. Hapo ndipo tulikaa na kalamu kutafuta maneno mafupi yaliyo upande huu na upande ule wa kigugumizi, ili tuagize vianzio vya kushika pale. Vianzio ndivyo vinavyoiambia mashine inakili wapi. Vingi havikushika chochote. Vingine vilishika kila kitu. Jaribio langu la kwanza lililokubali lilikuwa la kumi na saba, na alama hiyo ya kutambulia pamba nikaiita hivyo hivyo, Kumi na Saba. Niliipenda kama mzaliwa wangu wa kwanza, na ninyi mnajua wazaliwa wa kwanza wanavyoharibiwa kwa mapenzi.

Mashine ya kunakili, ile inayopasha na kupoza vichupa mara nyingi, tuliipa jina la Mupishi. Umeme ulipokatika katikati ya mapishi, Papa Wilondja aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, akaweka vibeseni vitatu vya maji, cha moto sana, cha vuguvugu na cha katikati, na sisi tulihamisha vichupa kwa mkono huku yeye akishika saa na kipimajoto. Msicheke. Mara nyingi ilikubali. Jasho langu liliwahi kudondokea ndani ya kibeseni na nikafukuzwa nje mpaka mchana. Vilivyoiva tulivipitisha kwa umeme ndani ya jeli, utando laini kama uji ulioganda, na kila urefu wa kigugumizi ukaonekana kama mstari mahali pake.

Lakini dawa zilitoka mbali na ziliisha upesi, kwa hiyo tulizoea kupika chungu kimoja: majani ya mimea minane au kumi yanaingia kwenye kinu kimoja, yanasomwa kama mmea mmoja. Kwa kutafuta alama hakukuwa na ubaya wowote, na tuliokoa dawa nyingi. Desturi ikakaa. Hakuna aliyeiandika mahali, na hakuna aliyeiuliza.

Jambo moja nililiandika. Papa Wilondja aliniambia siku za mwanzo kwamba pamba tunayolima ni mtoto wa pamba mbili za kale zilizokutana kabla ya watu kujua kulima, na kila moja ilimwachia mtoto urithi wake mzima. "Pamba yetu iko na nyumba mbili ndani ya lupango moja," alisema, yaani ua mmoja. "Alama yako ikipiga hodi, nyumba zote mbili zinaweza kuitika. Usiseme haraka kama kuko mugeni." Nilipiga mstari chini ya maneno hayo, kisha nikapiga wa pili. Miaka mingi baadaye alistaafu, akarudi kwao, na habari za msiba wake zilitufikia kwa mtumbwi wa wafanyabiashara. Nililia nikiwa nimeshika kile kinu.

Sasa Mama Kabange.

Wakati wa mapigano watu wa Nyunzu walipokimbilia mji wetu wa Kalemie, wengi walifika na magodoro na sufuria kichwani. Mama Kabange alifika langoni kwetu na kifundo cha kitambaa cheusi kwa moshi, kikubwa kama ngumi. Mlinzi alimwambia hapa si mahali pa kupokea wakimbizi. Akajibu kwamba yeye hajaja kupokelewa, ameleta pamba. Nilitoka nje kumwangalia. Sufuria aliziacha, alisema, sufuria zinanunuliwa. Ndani ya kifundo mlikuwa na mbegu za pamba ambayo watu wa kwao waliiita Sichoki, kwa sababu ugonjwa wa majani ukipita shambani, pamba nyingine zinalala na hiyo inabaki imesimama. Zamani kila nyumba kule ilikuwa nayo. Mbegu nyingine zilipokuja na magari, watu waliiacha, na mwisho ikabaki kwake.

Alinifundisha desturi yao. Mwanamke hagawi mbegu akamaliza. Ngumi moja inabaki imefungwa na kuning'inizwa juu ya moto wa kupikia, moshi uilinde na wadudu, na kila msimu anaibadilisha kwa mbegu mpya. Inaitwa mama ya mbegu. Haigawiwi mtu, isipokuwa binti anapoolewa, au ndugu wa tumbo moja, na hapo inakatwa nusu kwa nusu. Nilimpa kiwanja cha pembeni, yeye na kina mama wenzake wakalima. Msimu baada ya msimu zile mbegu za ngumi moja zikawa magunia.

Kisha utulivu ukarudi kiasi, na watu wakaanza kujiandaa kurudi makwao. Kamati ya mbegu ilitaka kuwapa mbegu moja safi ya kuanzia maisha. Wakatuuliza sisi: Sichoki ni safi au ni mchanganyiko? Ikiwa safi, itarudi Nyunzu pamoja na wenyewe. Ikiwa mchanganyiko, itakwenda kwenye kinu cha mafuta. Kazi ilikuwa yangu. Nilichuma majani ya mimea minane, nikapika chungu kimoja, nikatumia Kumi na Saba. Aina zote tulizokuwa nazo kituoni zilitoa mstari mmoja kwenye jeli. Sichoki ilitoa miwili.

Sikusita hata kidogo. Niliandika kwamba mbegu imechanganyika, nikasaini, na kwa sababu nilijiona mtu wa haki, nikamwita Mama Kabange nimweleze mwenyewe, pale uwanjani, mbele ya wenzake wote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Polina," alisema, "kwa hii mbegu, mi sikutiaka mukono wa muntu mwingine."

Nikamjibu kwamba mashine haina sababu ya kudanganya. Hilo nililisema kwa mdomo wangu, na ninaliandika hapa ili lisiandikwe na mtu mwingine kwa upole. Aliokota jembe lake akaondoka. Wiki hiyo hiyo alirudi kwao na kifundo chake, na magunia yakapelekwa kukamuliwa.

Riziki alikuja kituoni mwezi uliofuata, ametoka masomoni Lubumbashi, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko nguo zake. Miezi michache baadaye aliniuliza kwa nini tunachanganya majani ya mimea mingi. Nilimwambia njo vile tunafanyaka, ndivyo ilivyo desturi. Kuuliza si ujinga, lakini kuna majibu ambayo ni ujinga, na hilo lilikuwa mojawapo. Hakubishana. Aliomba tu bahasha kuukuu za akiba ajizoeze, na nikamruhusu ili aniache nipumzike. Akachukua zile za Sichoki, kwa kuwa zilikuwa juu ya rundo.

Baada ya siku mbili aliniletea picha ya jeli, anaomba radhi kwamba labda amekosea. Alikuwa amepima kila mmea peke yake. Kama gunia lingekuwa na mbegu za aina mbili, mimea mingine ingetoa mstari wa juu na mingine wa chini. Na kama aina mbili zingekuwa zimezaliana, baada ya misimu yote ile watoto wangekuwa wameshagawanyika, huyu na mstari wa juu tu, yule na wa chini tu, wachache na yote miwili. Picha ya Riziki ilikuwa na njia nane, na kila njia ilikuwa na mistari miwili, yote sawa, yote mahali pamoja.

Niliketi. Nilimwambia hajakosea. Kisha nikafungua kabati, nikatoa daftari langu la kwanza, na maneno ya nyumba mbili yakawa pale, mwandiko wangu mwenyewe, yamepigiwa mistari miwili chini. Katika zile aina nyingine, nyumba zote mbili zilikuwa na kigugumizi cha urefu mmoja, kwa hiyo majibu yao yalilaliana yakaonekana mstari mmoja. Katika Sichoki, nyumba moja iligugumiza zaidi kidogo. Mstari wa pili haukuwa uchafu wa mtu yeyote. Ulikuwa ndiyo alama ya Sichoki, kitu cha kuitambulisha kati ya pamba zote tulizokuwa nazo. Nilikuwa nimetafuta alama ya namna hiyo tangu siku ya kandambili, na ilipokuja mkononi nikaisaini iende kukamuliwa.

Nilipiga simu kwenye kinu cha mafuta. Walishamaliza. Maji yakimwagika hayazoleki, na mafuta vivyo hivyo.

Nitasema ukweli kwamba nilifikiria kunyamaza. Riziki alikuwa mgeni, angeamini lolote ningemwambia, na Nyunzu ni mbali. Siku mbili nilifanya kazi bila kumtazama usoni. Siku ya tatu niliona yale majani yaliyobaki kwenye bahasha, nusu kwa kosa langu, nikaona aibu kwamba Papa Wilondja alinijua kabla sijajijua. Nikaomba ruhusa. Treni ilinikawiza mpaka nikachoka kungoja, nikapanda pikipiki, na kiuno changu hakijasahau mpaka leo.

Mama Kabange alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinipa maji ya kunawa, akapika bukari na sombe, tukala. Nami muda wote nilikuwa nikitazama juu ya moto wake. Kamba ilikuwepo. Kifundo hakikuwepo.

Nilimweleza yote, mistari, nyumba mbili, kinu cha mafuta. Nilimwambia nimekosa. Nikamuuliza mama ya mbegu iko wapi.

"Iko chini ya kitanda," alisema. "Kitu chenye kusemwa vibaya hakikae juu ya chakula ya watoto."

Tangu aliporudi, kina mama wa mtaa walikuwa wamemcheka: alikimbia na mbegu ya kuokoteza akaacha sufuria. Waliokuwa wamepanga kupanda Sichoki walipanda mbegu nyingine, na ugonjwa ukapita, na mashamba yao nimeyaona kwa macho yangu, yamelala. Hilo pia ni langu. Kifundo chini ya kitanda hakikupata moshi hata siku moja, na alipokileta kilikuwa kinamwaga unga wa wadudu.

Nikanyoosha mkono nikipokee. Hakunipa.

"Uliniambia mbele ya wamama," alisema. "Utasema tena mbele yao."

Jumapili baada ya misa nilisimama nje ya kanisa. Niliwaambia kina mama kwamba mashine haikudanganya, ni mimi niliyeisoma vibaya. Niliwaambia mbegu ya Mama Kabange haijaguswa na mkono wa mtu mwingine, kwamba ina alama yake ambayo nyingine zote tulizopima hazina, na kwamba mimi ndiye niliyeita alama hiyo uchafu. Kisha Mama Kabange akasema kwa sauti ya kutosha, "Haya. Kosa moja haliachi mke," wakacheka wote, na hapo ndipo alinipa kifundo.

Nilizipanda mbegu zile kituoni kwa mikono yangu, moja moja, kwenye vikopo. Nyingi zilikuwa maganda matupu. Zilizoota zilikuwa thelathini na moja. Nilizihesabu kila asubuhi kama kuku. Mimi na Riziki tulipima kila mche kwenye kichupa chake, hakuna chungu kimoja tena, wala tangu siku hiyo hakijapikwa kituoni kwetu mbegu inapohukumiwa. Thelathini na moja, kila mmoja mistari miwili. Ilichukua misimu kuyafikia magunia tena, lakini yalifika, na yalipanda behewa la kwenda Nyunzu huku mimi nimesimama relini na kandambili zangu.

Ukurasa wa ripoti ile ya kwanza bado upo kwenye rejista. Mkubwa mmoja aliwahi kunishauri niuondoe, niandike upya kwa usafi. Nilikataa. Niliandika chini yake kwa wino mwekundu jinsi nilivyokosea, na nikasaini mara ya pili. Mgeni akija maabara, mwonyesheni huo kabla ya kumwonyesha Mupishi. Na akiuliza kwa nini mnafanya jambo fulani, na jibu pekee mlilonalo ni kwamba njo vile, simamisheni kazi siku hiyo.

Wiki iliyopita Riziki alirudi kutoka Nyunzu, akapita kwangu. Alikuwa na kifundo cha kitambaa, cheusi kwa moshi, kidogo kuliko ngumi. Nilimuuliza mbona kidogo. Akasema Mama Kabange alikikata mbele yake, nusu kwa nusu, na nusu nyingine imerudi juu ya moto wake. Mimi si binti yake, wala hatukuzaliwa tumbo moja.

Riziki alikuwa na ujumbe pia, na aliutoa kama alivyotumwa: "Mwambie aweke juu, kwa moshi, asiweke kwa kabati. Siku mi nikikosa yangu, nitakuja kuitafuta kwake."

Nimekining'iniza jikoni, juu ya mbabula. Watoto wananiuliza mbona ninapika nikitazama juu.